Nyigu wa Managu

Litein, 3 Machi 2024

Kwa Chemutai, binti wa kaka yangu,

Chamge, mama. Sisi huku ni wazima. Mvua imepiga hodi mara mbili lakini bado haijaingia ndani. Phyllis, mke wa mwanangu, ni mjamzito na miguu imemvimba. Daktari wa Longisa alimwambia apumzike, naye anapumzika kwa kupanda viazi. Ng'ombe wa baba yako amezaa ndama jike. Baba yako mwenyewe yupo. Hakuniambia nikusalimie, ila sasa hivi ninapoandika amesimama mlangoni akijifanya anatazama mawingu, na leo hakuna mawingu.

Utanisamehe mwandiko. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la wachumaji chai, wanafunzi tukiwa wa kila kabila, kwa hiyo moyo wangu huongea Kikipsigis na mkono wangu Kiswahili, ila mwishoni nitajiita Senge, maana "shangazi" halinitoshi. Na barua siachi, maana simu haiwezi kubeba chupa.

Sasa hiyo chupa. Uliniomba nikukusanyie mayai ya yule mdudu wa kijani anayenuka, anayenyonya ile mboga yetu ya managu. Nimeyapata nyuma ya jikoni. Yamejipanga chini ya jani kama mapipa madogo, kila pipa na kifuniko chake. Nikakata majani mawili, nikatia kila moja kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikafunga mdomo kwa kitambaa na kuziweka dirishani kama ulivyoniagiza. Kwenye chupa ya kwanza vifuniko viliinuka vizuri na vitoto vikatoka vimekasirika. Ya pili mayai yaligeuka meusi. Nikasema haya yameoza. Siku ya kumi na moja nikaona moja limetobolewa. Halikufunguka kwa kifuniko, limetafunwa, kama gunia lililopitiwa na panya. Juu yake kulikuwa na nukta nyeusi, kama hii ninayoweka mwisho wa sentensi. Nikaipuliza nikidhani ni masizi.

Nukta ikatembea.

Nilipiga kelele. Baba yako akaja na panga.

Nilipomwonyesha alisema, "Mimi nilimsomesha mtoto awe nesi. Sasa amemfundisha dada yangu kufuga inzi." Akaenda zake. Lakini, Chemutai, alirudi kutazama baada ya chai, na tena kabla ya kukamua.

Nukta zilizidi kutoka, na zote nimezitia kwenye kichupa chako chenye spiriti. Niambie ni nini. Na kama ni kitu cha kawaida niambie polepole, maana nimefurahi sana.

Senge wako,
Rodah


Nairobi, 27 Machi 2024

Senge wangu mpendwa,

Chamge sana. Mwambie Phyllis aweke jembe chini. Mimi ni mzima. Chumba changu bado kinavuja pembeni, na kwaya imenihamishia sauti ya pili kwa sababu ya kwanza imejaa watu wenye sauti. Msalimie Baba, hata kama hakuuliza.

Senge, keti kwanza. Umeketi? Si kitu cha kawaida.

Ni nyigu. Najua nyigu unayemfikiria, yule wa kwenye paa la choo. Huyu ni ndugu yake wa mbali kabisa, wala hamdungi mtu. Hafiki hata milimita moja. Nimemweka juu ya gazeti, akasimama ndani ya herufi o na akabaki na nafasi ya kugeuka. Mama yao hutafuta mayai ya mdudu mwingine, akatoboa kila yai na kutaga lake humo ndani. Mtoto hula alichokikuta, hukua humo humo, kisha hujitafunia mlango. Kwa hiyo, bila kujua, ulikuwa unamlea adui wa wale wanaokumalizia mboga.

Daktari Nyamwange, mkuu wangu hapa maabara, ni mama asiyecheka. Alimtazama kwenye hadubini kwa dakika ishirini. Akasema, "Hmm." Akachukua kitabu, akachukua kingine, akavua viatu. Senge, Daktari alivua viatu! Halafu akaniambia, "Chemutai, sidhani huyu ana jina."

Hana jina! Katika dunia yote hii hakuna mtu aliyewahi kumwandika. Nilitoka nje nikazunguka jengo mbio, askari wa lango akaniuliza kama kuna moto.

Sasa ni lazima nithibitishe. Nitamlinganisha na ndugu zake wote wanaojulikana, wengine waliandikwa miaka mia iliyopita kwa Kijerumani. Nikihakikisha ni mpya, nitamwelezea unywele kwa unywele, nitamchora na kumpa jina. Ndiyo itakuwa kazi yangu ya shahada. Ila sina muda mrefu: Daktari anastaafu Desemba, na akiondoka hakuna mwingine hapa wa kunisimamia kwa wadudu hawa.

Umenitumia ishirini na watatu. Majike ishirini na wawili, dume mmoja tu. Ndivyo walivyoumbwa. Dume hutoka kwanza, husimama juu ya mayai na kungoja dada zake. Kila anayetoka anamwoa papo hapo.

Tafadhali, hayo managu yasichumwe. Kila shina lenye mayai lifunge uzi.

Wako asiyetulia,
Chemutai


Litein, 14 Aprili 2024

Chemutai,

Chamge. Mvua imeingia na haitaki kutoka. Majani chai yamefurika hadi kituo cha kuyapokea kinafungwa tukiwa bado kwenye foleni. Phyllis sasa anatembea kama bata mzee.

Anawaoa dada zake? Ishirini na wawili? Na wewe umeandika hayo kwa mkono wako, mimi nikayasoma kwa sauti mbele ya baba yako, mzee wa kanisa! Alitoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya zizi, kisha akarudi na uso wa mazishi akauliza kama kuna chai.

Nimefunga uzi. Ni mwekundu, ulibaki kwenye sweta ninayomfumia mtoto wa Phyllis. Mashina kumi na manne. Jirani yetu Janefer alipita akaona, akaniuliza kama ni maombi au ni ule mchezo mwingine. Nikamwambia ni sayansi. Akasema hata hiyo anaiogopa.

Na kuhusu jina. Kama ulikuwa umefikiria kumwita Rodah, futa. Sitaki kushiriki jina na kiumbe anayekula mwenzake ndani ya yai halafu akitoka anakuta bwana harusi ni kaka yake. Tafuta mtu aliyekukosea umpe hiyo zawadi.

Senge


Nairobi, 20 Mei 2024

Senge mpendwa,

Chamge. Natumaini Phyllis yuko karibu na njia panapopita gari. Mimi nakula vizuri, usisikilize unachoambiwa.

Kazi inakwenda! Nimewagundisha nyigu wako, kila mmoja kwenye ncha ya kikaratasi chenye pembe tatu, kikaratasi kwenye pini, na chini yake lebo. Lebo ni kubwa kuliko nyigu mara ishirini. Imeandikwa mahali, tarehe, mmea, na jina la aliyekusanya: R. Chepkirui. Hilo jina huwezi kulifuta, ni sheria. Nimepima kichwa, nimepima kiuno, nimehesabu vipande vya vipapasio vyake: jike kumi na moja, dume kumi na viwili. Mgongoni ana mifereji midogo kama shamba lililolimwa kwa plau, na kila mfereji nimeuchora. Jumamosi nilikaa kwenye basi nikajikuta namhesabia vinyweleo mama aliyeketi mbele yangu, shingoni. Aligeuka.

Ndugu zake wote wanaojulikana nimewamaliza. Hakuna anayefanana naye.

Jambo dogo. Ukipata dume mwingine, nitumie. Si lazima. Yaani, ni lazima kidogo. Kwa dume kuna sehemu fulani ambayo ndiyo hasa hutenganisha aina moja na nyingine, na siwezi kukuandikia ni sehemu gani kwa sababu wewe ni Senge wangu na barua zako husomwa kwa sauti. Yule wa kwanza hajatoka nje ya maabara hii, hilo naweza kuapa. Lakini wawili ni afadhali kuliko mmoja.

Chemutai


Litein, 2 Julai 2024

Chemutai, mama,

Chamge, na pole kwa kunyamaza. Phyllis amejifungua pale Longisa. Mapacha! Mvulana na msichana, na sweta ni moja. Nilikaa naye hospitali siku tatu, nikarudi nikiimba njiani kama mlevi. Msichana ana paji la uso la baba yako, maskini. Mvulana analia kama breki za lori. Akina mama wa kanisa wamekuja kwa zamu, wageni wamejaa, vikombe vimetuishia tukaazima kwa Janefer.

Ile sehemu nimeielewa. Mimi nimeolewa, nimezaa wanne, na nimefuga fahali. Usiniogope.

Sasa kuhusu managu. Managu ni mboga nzuri. Yanaongeza damu, ndivyo walivyomwambia Phyllis. Mvua nayo imekuwa nyingi. Ule uzi mwekundu ninao wote, haukupotea hata kipande.

Baba yako ni mzima ingawa siku hizi siongei naye sana.

Senge


Nairobi, 19 Julai 2024

Senge,

Hongera! Mapacha! Nimewaambia watu wote maabara, hata Daktari alisema "Hmm" ya furaha.

Senge, barua yako imenichekesha ukurasa wa kwanza na kunitia baridi ukurasa wa pili. Umeniambia managu ni mboga nzuri. Najua ni mboga nzuri. Hukuniambia kama yapo.

Daktari anataka kila kitu mezani kwake kufikia katikati ya Oktoba. Bila dume, amesema, hatutoi jina. Tutamfungia nyigu wetu kwenye droo angoje mtu mwingine, labda miaka hamsini. Nakuomba. Dume mmoja.

Chemutai


Litein, 11 Agosti 2024

Chemutai,

Chamge. Leo sina habari za watu. Naanza na dhambi.

Tuliyala.

Nilipokuwa Longisa wageni walifika bila mtu wa kuwapikia. Baba yako akasema, mimi ni mwenye mji, sitaaibika. Akaingia nyuma ya jikoni na kuchuma managu kwa mikono yake, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kuchuma mboga. Alichuma yote, Chemutai, mpaka mashina. Ule uzi aliufungua mmoja mmoja, akaukunja vizuri, akauweka mezani kwa heshima. Alidhani nilifunga ili kuonyesha yaliyo tayari kuliwa!

Mimi nikafika nimechoka. Wakanipakulia na ugali na maziwa lala. Nikala. Nikaomba nyongeza. Nikasema mbele ya watu wote, "Johana, haya managu yana utamu gani?" Kisha macho yangu yakaangukia ule uzi.

Nikavihesabu vipande: kumi na vinne.

Tangu siku hiyo nimepindua majani ya kila jirani. Wengi wamepiga dawa. Kwa Janefer nilipata mayai mafungu mawili, yote yakatoa vile vitoto vya kijani. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi sana, nami niliogopa kuwa mtu wa kukatiza furaha hiyo. Na baba yako nilimficha pia. Sikumwambia alichokula.

Nisamehe.
Rodah


Nairobi, 12 Agosti 2024

Senge mpendwa,

Chamge. Hujanijibu, na nadhani najua kwa nini: umegundua nakuficha jambo. Basi nimechoka kukuficha.

Yule dume hayupo.

Ilikuwa Mei, saa nane mchana, jua dirishani. Nilikuwa nimemtoa kwenye kikaratasi, nimemweka kwenye sahani nyeupe ili nianze kumfungua. Daktari alikuwa kando yangu. Akasema, "Sasa, taratibu." Nami nikapiga chafya.

Moja tu. Lakini ilikuwa ya ukoo wetu, unazijua. Sahani ilibaki nyeupe tupu. Tulipiga magoti sakafuni sisi wawili na brashi za kuchorea mpaka jengo likafungwa. Tulipata masizi, mbegu za nyanya na mguu wa mende. Nilikuandikia kwamba hajatoka nje ya maabara. Hilo ni kweli. Yumo humu. Labda namkanyaga kila asubuhi.

Niliona haya. Wewe ulimlea siku kumi na moja dirishani, mimi nikampuliza kama vumbi.

Nihurumie.
Chemutai


Litein, 30 Septemba 2024

Chemutai wangu,

Chamge, chamge, chamge! Fungua hicho kichupa taratibu, na kabla ya kukifungua funga pua yako kwa leso.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ilifika nikiwa naosha nguo za mapacha. Nikaisoma kwa sauti kama kawaida, na nilipofika kwenye chafya nilishindwa kuendelea, nikaketi chini kwenye matope nikicheka hadi mapacha wakaamka wote. Baba yako akauliza, "Kwani ni dume gani huyo?" Ikabidi nimwambie yote. Nikamwambia na alichokipika.

Akasema, "Kwa hiyo mimi nimekula shahada ya mtoto wangu."

Kesho yake alfajiri hakuwepo. Chemutai, mzee huyo alianza kutembea. Alienda upande wa Sotik, akaenda hadi Bomet kwa rafiki yake. Anaingia kwenye boma la mtu, anapiga hodi, anaomba ruhusa ya kutazama chini ya managu. Mtu mmoja alimfukuzia mbwa. Mwingine aliita majirani. Jioni anarudi magoti yana udongo, anaosha miguu, anauliza tu, "Yale yaliyotobolewa yanafananaje tena?"

Wiki ya tatu alifika Kapsoit. Pale sokoni kuna mama wa Kikisii anaitwa Nyambeki, mjane, wazazi wake walihamia zamani kwa kazi ya chai. Anauza mboga, na hapigi dawa kwa sababu anakula anachouza. Baba yako akainama kwenye fungu lake la managu, akaanza kulipindua jani baada ya jani, miwani kwenye ncha ya pua.

Nyambeki akamwuliza, "Baba, unanunua ama unasoma?"

"Natafuta dume," akasema baba yako.

"Hata mimi," Nyambeki akasema, "tangu mwaka wa 2016."

Hayo sikuambiwa na kaka yangu. Niliambiwa na Nyambeki mwenyewe, akijifuta machozi kwa kicheko. Baba yako alisimama pale kama mti wa stima. Kisha akamweleza habari yote: wewe, mimi, yai, chafya, mlo wa wageni. Yule mama akamwachia binti yake meza, akampeleka shambani kwake, na chini ya jani la tatu, mayai! Tayari yalikuwa yanaanza kuwa meusi.

Alileta chupa ndani ya mfuko wa shati, upande wa moyo. Hakuniruhusu kuishika. Aliiweka dirishani akaweka kigoda mbele yake. Siku ya tisa asubuhi nilisikia akiniita kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona swala.

"Rodah. Rodah. Amesimama."

Alikuwa ametoka mmoja tu, amesimama juu ya mayai, anatembea ukingoni, anageuka, anarudi. Anangoja. Tulimtazama mpaka lori la majani likapita, nasi hatujapeleka hata kikapu kimoja. Adhuhuri dada wa kwanza akatoka. Baba yako akageuza uso akaniambia, "Tuwaache kidogo."

Wamo humo kumi na tisa, na madume ni wawili. Wawili! Wa pili alitoka amechelewa, baba yako alimwonea huruma.

Nilipomwuliza kama ana neno la kuweka kwenye barua, alifikiri sana. Akasema, "Mwambie asipige chafya."

Ni salamu yake ya kwanza kwako tangu ukatae unesi. Ipokee hivyo hivyo.

Jambo moja linanisumbua. Kwa kuwa dume ni wa Kapsoit, msije mkaandika kwamba nyigu ni wa Kapsoit. Nyambeki ameshaanza kutamba sokoni. Na baba yako hamkatazi. Kila Jumanne ana shughuli Kapsoit, na akienda anapiga pasi shati. Mimi mengine siandiki.

Senge


Nairobi, 25 Novemba 2024

Senge wangu,

Chamge. Wabusu mapacha. Nimewanunulia sweta mbili, zinafanana, msigombane.

Daktari alinifunga barakoa mbili na kufunga madirisha yote. Nilishika sindano kwa mikono yote miwili. Nilipomaliza, ile sehemu ilikuwa chini ya kioo, nzima, ya kahawia, inang'aa kama asali, na hakuna nyigu mwingine duniani mwenye kama hiyo. Daktari alitazama. Hakusema "Hmm." Alicheka, Senge! Ana pengo upande wa kushoto, miaka yote hii sikujua.

Katikati ya Oktoba tulituma karatasi ya kumtangaza nyigu wetu. Juzi imekubaliwa. Wakaguzi walitaka nisahihishe koma saba na neno moja la Kilatini.

Jina lilinitesa. Lako umekataa. Litein ingegombana na Kapsoit. La Baba nililifikiria usiku na mchana, nikaogopa angesema nimemwita inzi. Mwisho nikajiuliza: kama nyigu huyu angekuwa barua, ningetaka isome nini? Nikapata neno moja.

Ataitwa *Telenomus kongoi*. Jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake. Nimeandika pale kwamba kongoi ni asante kwa Kikipsigis, kwa ajili ya watu wa Kericho na Bomet waliopindua majani. Kuanzia sasa mtu akimtaja, awe Mjapani, awe Mbrazili, atakuwa anashukuru kwa lugha yetu hata kama hajui.

Na shahidi mkuu wa jina, yule mmoja ambaye wengine wote watalinganishwa naye, nimemchagua jike kutoka nyuma ya jikoni lako. Litein. Usimwambie Nyambeki haraka.

Mwambie Baba

Nimeandika hapo nikashindwa kumaliza. Mwambie unavyojua wewe.

Chemutai


Litein, 16 Machi 2025

Chemutai, binti yetu,

Chamge. Ni Jumapili mchana, nimevua viatu vya kanisani, nakuandikia nikiwa bado na gauni. Mapacha wanatambaa na kula udongo. Chai imepunguka kwa kiangazi, lakini tunakunywa.

Karatasi yako iliyochapishwa ilifika Alhamisi. Baba yako aliiosha mikono kwanza, yaani aliosha mikono ndipo akaishika. Ile picha kubwa ya nyigu aliitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu. Alipofika kwenye neno kongoi alitoa miwani akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Hakuhitaji mkalimani.

Leo wakati wa ushuhuda alisimama. Chemutai, baba yako ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na tano na hajawahi kutoa ushuhuda. Yeye huhesabu viti tu. Watu waligeuka. Nilikuwa benchi la akina mama na Nyambeki kando yangu, alikuwa amekuja kutoka Kapsoit na kitambaa kipya kichwani.

Akasema, "Mimi nilikosana na binti yangu. Nilitaka awe nesi, yeye akachagua wadudu. Nikasema amepotea. Kitabu cha Mwanzo kinasema Bwana alimletea Adamu kila mnyama ampe jina. Nimekisoma tena jana, mara mbili. Kila mnyama. Lakini mmoja alikuwa chini ya jani la managu, na Adamu hakuinama."

Akatazama upande wetu.

"Binti yangu aliinama," akasema, na akaketi.

Nyambeki alipiga kigelegele cha kwao Kisii mpaka taa zikatikisika. Watu wakasimama, wengine hawajui wanashangilia nini, Janefer analia na hajawahi kumpenda mdudu yeyote. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga, akasema mahubiri ya leo yamekwisha, tuimbe.

Pasaka uje. Baba yako amesema atakungoja mwenyewe pale stendi. Alisema pia nisikuandikie habari za kanisani, na kwa kuwa naona anakuja huku amenyoosha mkono, naona anataka kuninyang'anya kalam

Chemutai, ni mimi. Usiamini kila kitu anachoandika huyu. Lakini hicho cha kanisani ni kweli.

Baba